Fomu ya Nyumba ya Arobaini na Moja

Hebu mwone kwanza anavyofika. Mwanamke mfupi, mpana wa mabega, kilemba cha kijivu, koti la bluu la zahanati lililopauka viwikoni. Anabisha hodi mara mbili, hangoji ya tatu. Kabla hujamaliza kusema karibu, ameshavua viatu mlangoni na macho yake yanatafuta kigoda. Begani ana mkoba wa turubai, na ndani ya mkoba mna faili la fomu, kalamu mbili zilizofungwa pamoja kwa raba, na jagi la plastiki lenye mistari myekundu aliyoichora mwenyewe kwa rangi ya kucha. Hatakuuliza unakunywa pombe kiasi gani. Anajua utasema kimoja tu. Kila mtu husema kimoja tu.

"Haya baba," atasema, "hicho kimoja chako kilete nikione."

Siku moja mzee mmoja mpasua kuni alimletea kopo la rangi la lita nzima. Mama yule akalijaza maji kutoka kwenye ndoo, akayamimina kwenye jagi lake mpaka yakapita mstari wa mwisho na kumwagikia miguu yake.

"Baba, kimoja chako kimenitosa."

Mke wa mzee akaangua kicheko nyuma ya mlango. "Nilimwambia mimi! Nilimwambia hilo kopo si kikombe!"

"Nyamaza wewe. Kopo ni la watoto."

"Watoto gani wanaokunywa kwa Mama Mapipa?"

Wakacheka wote watatu, na katikati ya kicheko fomu ikajazwa, maswali yote kumi. Ndivyo alivyofanya kazi. Hakumwita mtu mlevi, na hakumtajia mtu moto wa jehanamu. Aliketi, akapima, akaandika. Mtaa ukampa jina la Mama Kipimo, ingawa hakuwahi kuzaa. Mume aliwahi kuwa naye miaka mitatu, wakaachana bila ugomvi, kila mtu na godoro lake.

Kupima hakukuanza na pombe. Kabla ya zahanati alisimama miaka kumi na moja kwenye mizani ya ghala la nafaka. Bosi mmoja aliwahi kumnong'oneza aweke kidole kidogo tu chini ya sinia la mizani wakulima wakileta mahindi. Alikataa. Akapewa ufagio, akafagia ghala miezi miwili, hadi wakulima walipogoma kuleta mzigo kama si yeye anayepima. Akarudishwa. Hadithi hiyo watu waliijua, naye hakuwa mchoyo wa kuirudia. Kwa hiyo zahanati ilipotafuta wahudumu saba wa kupita nyumba kwa nyumba, hakuna aliyeuliza kwa nini yeye.

Nyumbani aliishi na mama yake mzazi, na mdogo wake wa kiume ambaye ndiye aliyewafuatia tumboni wenzake wote na kuziba mlango. Kitindamimba huyo alikuwa mwandika vibao, wakamwita Fundi Herufi. Kibao cha kinyozi, cha duka la dawa, cha fundi saa, vyote vilikuwa mkono wake. Hakutumia rula. Lakini asubuhi kabla ya kunywa asingeweza hata kufunga kifungo cha shati lake. Vidole vilicheza kama vya mtu anayepiga ngoma isiyoonekana. Akishapata vikombe viwili mkono ulitulia, na mstari ukatoka umenyooka kama uzi wa mwashi. Watu walisema kwa kumsifu, "Fundi bila pombe haandiki." Dada yake aliyasikia maneno hayo miaka nenda miaka rudi, na alikuwa akicheka pamoja na wasemaji.

Sasa kuhusu kilabu. Mtaa ulikuwa na kilabu kimoja kikubwa cha pombe kali ya kupika, cha Mama Mapipa, nyuma ya mashine ya kusaga. Ulikuwa umejaribu kila njia. Walibandika picha za maini yaliyooza. Watoto wakazichorea masharubu. Askari walikuja mara tatu kumwaga mapipa. Mtaro ukanuka wiki nzima na bata wakapepesuka, kisha Alhamisi Mama Mapipa akawa anapika tena. Waliohubiri walihubiri. Na kila mwaka watu wawili watatu walizikwa kabla ya siku zao, na wanawake wengine wakafunga vitambaa kuficha majeraha ya usoni.

Ndipo akaja daktari mpya wa zahanati, kijana mwembamba asiyependa kelele. Akawakusanya wahudumu wake saba kwenye chumba cha chanjo, akawaeleza mpango kwa sauti ambayo waliokaa nyuma walilazimika kuinama kuisikia. Kwanza kila mtu mzima ataulizwa maswali kumi, na kila jibu lina namba yake. Atakayepata namba ndogo apewe maneno mawili ya ushauri aende zake. Atakayezidi ishirini alazwe zahanati siku saba, apewe dawa ya kumshusha polepole. Wakishashushwa wote, hapo tu kilabu kifungwe.

"Kwa nini tusifunge kesho, daktari?" aliuliza mhudumu mmoja. "Shetani hapewi notisi."

"Kwa sababu tutawaua," daktari akajibu. "Pombe ya kila siku, ya miaka, ni kama nguzo mbovu iliyobeba paa. Ni mbovu, nakubali. Lakini ukiing'oa ghafla paa linaanguka na waliomo ndani. Unasimamisha mti mwingine kwanza, ndipo unang'oa. Mtu wa namna hiyo akikatishwa ghafla hutetemeka, halafu huona visivyoonekana, halafu huanguka kifafa. Siku ya pili, ya tatu. Wengine hawaamki."

Aliyasema mara tatu, na Mama Kipimo akayarudia katika nyumba arobaini kwa maneno hayohayo, nguzo na paa. Orodha yake ilikuwa ya nyumba arobaini na moja. Ya mwisho ilikuwa ya kwao.

Aliifikia jioni ya Ijumaa, jua bado lipo. Mdogo wake alikuwa hajarudi kutoka kazini. Mama yake alikuwa jikoni anachambua maharage kwenye ungo.

"Umemaliza, mwanangu?"

"Bado moja."

"Ya nani?"

"Yetu."

Mama hakuinua macho. Akatoa jiwe kwenye maharage, akalitupa nje kwa mlango. "Yetu ina nini?"

"Mama, unajua ina nini."

"Najua nini mimi? Najua nina mtoto anafanya kazi. Kibao cha shule mpya anaandika nani? Mwalimu mkuu akisikia mtu huyu kalazwa na walevi, atampa hiyo kazi?"

"Mwalimu mkuu hasomi fomu. Ni siri, mama."

"Siri ya watu saba! Siri ya watu saba ni gulio." Ungo ukatua chini. "Wewe uliye dada yake ndiyo umwandike? Hao wengine uliwaandika si ndugu zako, sawa. Huyu ulimbeba mgongoni. Mwandike kama watu wote wanaokunywakunywa. Mimi nitakaa naye nimseme. Atapunguza."

Mama Kipimo alikaa na ile fomu magotini mpaka maharage yakaisha. Swali la kwanza linauliza mtu anakunywa mara ngapi. Jibu lilikuwa kila siku, tangu jogoo. Aliandika: mara moja moja. La sita linauliza kama mtu anahitaji kunywa asubuhi ili aweze kuanza siku. Picha ya vidole vya ndugu yake kwenye kifungo cha shati ilimjia, akaandika: hapana. Alikwenda haraka, kama anayemeza dawa chungu. Alipojumlisha ilikuwa sita. Sita ni namba ya shangazi anayeonja bia harusini.

Akajiambia atazungumza naye mwenyewe taratibu, na kama ikibidi atamwingiza zahanati kwa mlango wa nyuma kabla ya kilabu kufungwa. Alikuwa na wiki tatu nzima za kufanya hivyo. Wiki tatu, ndugu yangu, ni nyingi unapozitazama kutoka mbele.

Hesabu ya mtaa mzima ilitoa watu tisa waliozidi ishirini. Daktari akaagiza dawa za watu tisa. Vitanda vilikuwa vitano, kwa hiyo wakaingia watano, kisha wanne. Mpasua kuni wa lile kopo alikuwa miongoni mwa wa kwanza. Alitoka siku ya nane amekonda, anauliza saa ya kula. Wageni walikuja kutoka ofisi kubwa kuona, na daktari akawaonyesha mafaili. "Hizi za huyu mama," alisema, "hata sizikagui." Mama Kipimo alitazama viatu vyake.

Mlango wa nyuma haukufunguliwa. Kila alipotaka kusema na mdogo wake palikuwa na sababu: leo ana kazi, leo ana furaha, leo mama yupo. Na Fundi Herufi ndiye aliyepewa kazi ya kuandika kibao cha kilabu: KIMEFUNGWA KWA AMRI YA MTAA. Alikiandika Jumapili mchana mbele ya watu, ameshapata vyake vya kutuliza mkono. Herufi zilikuwa nzuri kupita zote alizowahi kuandika. Mama Mapipa mwenyewe alisimama pembeni, mikono kiunoni.

"Angalau umenifunga kwa mwandiko," alimwambia. Akapakia masufuria yake kwenye mkokoteni.

Jumatatu asubuhi Fundi Herufi alikaa kitandani, mikono kaibana katikati ya mapaja.

"Dada, nimeacha," alisema, meno yakigongana. "Kibao nimekiandika mimi. Nitaonekanaje nikienda kutafuta mtaa wa pili? Nimeacha. Si ndicho mlichokuwa mnataka?"

Mama yao alikuwa na uso wa sikukuu. Alikwishamfichia viatu chini ya gunia la mkaa ili asije akabadili mawazo. "Umeona?" akamnong'oneza binti yake mlangoni. "Kaacha mwenyewe, bila kitanda chenu."

Mama Kipimo alishika mkono wa mdogo wake. Ulikuwa umelowa jasho na unaruka kama kuku aliyeshikwa miguu. Alijua. Wala usidhani hakujua. Mambo ya siku ya kwanza alikuwa ameyaeleza katika nyumba arobaini. Lakini alimnywesha uji, akamfunika, akaenda kazini. Kutetemeka kwa siku ya kwanza, alijiambia, wengine huishia hapo.

Jumanne hakula. Alitapika maji matupu, mwili ukawaka moto. Alianza kuusogelea ukuta kwa kidole, anafuata kitu.

"Nani kaandika hapa?" aliuliza. "Dada, herufi zinatembea. Zina miguu. Zifute, zitaingia kwenye sahani ya mama."

Wakampeleka zahanati, dada kushoto, mama kulia. Daktari alikuwa ameitwa mkutanoni hadi kesho yake. Zamuni alikuwepo nesi mmoja mchapakazi, jasho puani, foleni mpaka uani. Alimpima joto, akamvuta kope la chini, akauliza kinachomsumbua.

"Homa," mama akawahi. "Tangu jana."

Nesi akamtazama mgonjwa, kisha mikono yake. Hakuwa mjinga yule nesi. "Anakunywa?"

 Nesi hakusubiri jibu, alikwenda kwenye kabati, akavuta faili la mtaa, akapitisha kidole hadi nyumba ya arobaini na moja.

"Sita," akasoma, na uso wake ukalegea kwa nafuu. "Basi si hayo. Ningeona hapa ishirini na kitu ningemlaza sasa hivi, dawa iliyobaki ya wale wa mwisho ningeigawa. Lakini fomu yako wewe, Mama Kipimo, hata daktari haikagui. Tumpime malaria. Majibu yakichelewa, aanze dawa ya homa, mrudi kesho."

Angeweza kusema hapo. Palikuwa na benchi, nesi, mama yake, na watu kama ishirini kwenye foleni wanaosubiri, nusu yao aliwaandika yeye kwa mkono wake na kuwaambia wasimfiche kitu. Alifungua mdomo. Mama yake akamkanyaga mguu, si kwa nguvu, kama mtu anayemkumbusha mwenzake jambo. Akaufunga.

Walipokuwa wanamrudisha nyumbani walikutana na Mama Mapipa kwenye kona ya mashine ya kusaga, amekuja kuchukua pipa lake la mwisho. Alimtazama Fundi Herufi mara moja tu, akaachia pipa.

"Huyu mmemkata lini?"

"Ana homa," mama akasema, akaendelea kumkokota mwanawe.

Mama Mapipa akamshika dada mtu koti. "Wee, nisikilize. Mimi nimemnywesha huyu miaka kumi na miwili. Cha kwanza alikuwa anakunywa saa kumi na mbili asubuhi, na kikombe nikimshikia mimi mdomoni kwa sababu mwenyewe angekimwaga. Huyu si wa kukatwa hivi. Nina chupa moja nimebakiza, iko kwenye masufuria. Mpe kidogo, mpe tena kidogo, mpaka huyo daktari wenu arudi. Sikuuzii. Chukua."

"Mimi?" Mama Kipimo akasema. "Nibebe pombe yako, na koti hili, nipite nayo katikati ya mtaa?"

"Livue koti, basi."

"Niache, mama."

"Nitakuacha. Lakini wewe si unajua kupima? Ulimpima huyu?"

 Mama Kipimo alilinasua koti lake, akawafuata wenzake. Kinyozi hajinyoi, watu husema, na husema wakicheka.

Usiku ule sitausimulia, maana aliyekuwemo hajawahi kuusimulia vizuri. Ninachojua ni kwamba kabla ya saa moja asubuhi ya Jumatano Mama Kipimo alikuwa amesimama mlangoni kwa daktari, aliyerudi usiku kutoka mkutanoni, hana kilemba, hana mkoba, na daktari alipofungua akiwa na mswaki mdomoni, hakumsalimia.

"Fomu ya nyumbani kwangu ni ya uongo. Niliandika mimi. Anakunywa kila siku, asubuhi hashiki kifungo. Leo ni siku ya tatu. Anaona vitu."

Daktari alitema povu palepale kizingitini. Hakuuliza kwa nini. Alichukua boksi la dawa, akawasha pikipiki, na yule mama akapanda nyuma. Njia nzima alielekeza tu: kulia, kushoto, hapo penye mfereji.

Mama yao alikuwa amekaa sakafuni, kichwa cha mwanawe kikiwa mapajani. Kigoda kilikuwa kimepinduka, na sahani ya bati ilikuwa imebonyea upande mmoja. Alipowaona alipandisha kidole mdomoni.

"Taratibu," alisema. "Alikuwa anajipigapiga vibaya, mara tatu. Sasa ametulia. Kalala."

Daktari akapiga magoti. Aliweka vidole shingoni mwa mgonjwa, akaviacha hapo muda mrefu kuliko inavyohitajika. Boksi la dawa lilikuwa wazi pembeni yake. Kisha akalifunga.

Fundi Herufi alikuwa na miaka thelathini na minne.

Msibani mama alisema homa. Kila aliyekuja aliambiwa homa, na waliojua waliitikia, "Homa mbaya siku hizi." Wiki mbili baadaye ripoti ya mtaa ikaandikwa: kilabu kimefungwa, watu tisa wamelazwa, tisa wako hai, hakuna kifo. Diwani aliisoma mkutanoni kwa sauti ya mtu anayesoma shairi. Mtaa wa pili wakaomba nao wafanyiwe vilevile, kilabu chao kifungwe mwisho wa mwezi.

Mama Kipimo alikwenda kwa daktari akaomba fomu mpya.

Alijaza kwa ajili ya marehemu. Na kwa kuwa hakutaka tena kuandika kitu kutoka kichwani mwake, alimfuata Mama Mapipa alikohamia, akaketi juu ya pipa tupu, akamuuliza maswali yote kumi kama anavyoulizwa mtu. Mara ngapi? Vingapi kwa siku? Kikombe kipi, nionyeshe. Mama Mapipa alijibu kwa utulivu, na kwenye swali la sita akajifuta macho kwa upindo wa kanga. Jumla ilikuwa thelathini na nne, namba ileile ya umri wake, lakini hilo halina maana yoyote. Ni hesabu tu.

Ripoti ikarekebishwa: kifo kimoja. Diwani alikuja juu. "Mama, umetuharibia! Watu watasema tuliua mtu. Wale wa mapipa watasema vilabu vifunguliwe."

"Waseme," alijibu. "Lakini waseme na sababu yake."

Wengine walisema kweli kilabu kifunguliwe. Daktari akakataa, lakini alisogeza tarehe ya mtaa wa pili mbele kwa mwezi mzima, na akaamuru fomu zote za nyumba za wahudumu wenyewe zijazwe upya, na mtu mwingine. Kwenye kikao cha wale saba daktari akaisoma amri hiyo. Kisha mhudumu mzee kuliko wote, bibi wa watu, akasema akitazama dirishani, "Mume wangu niliandika nne." Mwingine akasema, "Shemeji yangu." Pamoja na Mama Kipimo, ikawa watatu kati ya saba. Mume huyo na shemeji huyo walikuwa bado na mahali pa kupata kinywaji mtaa wa jirani, ndiyo maana walikuwa hai.

Na mama? Mama hasemi na binti yake hadi leo. Wanaishi nyumba moja, chungu kimoja, mmoja anapakua na kuondoka, mwingine anaingia kula. Si kwa sababu mwanawe alikufa. Ni kwa sababu aliandikwa baada ya kufa. "Alipokuwa mzima hawakumwandika," alimwambia jirani, kwa sauti ya kusikika chumba cha pili, "wakamwandika yuko chini, hawezi kujitetea."

Sasa Mama Kipimo anafundisha wahudumu wa mtaa wa pili. Jagi analo, mzaha ameupunguza. Siku ya kwanza huwaambia waanze na nyumba zao, fomu hizo azihakiki yeye, na huwaambia kwa nini, bila kuficha jina la aliyeandika sita.  Baadhi hulia.

Katika kundi la mwisho yumo fundi cherehani mmoja, mtu mzima, mpole, anayekuja na futi bado inaning'inia shingoni. Alilia kuliko wote. Kesho yake akaleta fomu ya nyumbani kwake, ambako anaishi na baba yake mzee. Namba ya baba ilikuwa tano. Mama Kipimo aliitazama. Mwandiko ulikuwa safi, hakuna jibu lililofutwa hata moja, kama umeandikwa mezani pasipo mtu wa kuulizwa. Akamrudishia, akamwomba aijaze tena na mzee akiwepo.

Yule fundi alichukua karatasi, akaikunja mara mbili. "Mama," alisema polepole, "umetuambia habari zako tukalia na wewe. Nami nakuletea ya kweli, unaniona mwongo? Baba yangu alikuwa mwalimu wa watu. Ukija kwake na jagi, mimi kazi hii naacha, na wenzangu wawili wale nimewaleta mimi, nao wataacha. Nani atazimaliza nyumba zilizobaki?"

Nyumba zilizobaki ni sabini na mbili. Orodha ya watakaolazwa kabla kilabu cha pale hakijafungwa inakamilishwa Jumapili. Leo ni Jumatano, na Mama Kipimo amesimama njia panda nje ya chumba cha mafunzo, mkoba begani. Upande mmoja ni njia ya kwenda kwao. Upande wa pili, nyumba ya nne baada ya bomba, ni mlango wa yule mzee, na umefungwa nusu.

Inawezekana ni tano kweli. Wapo wazee wa tano. Ungekuwa wewe, ungebisha hodi?